"Msongo Mkali" au "Msongo wa Muda Mfupi"? Jibu kwa Barua Iliyotoka Bukene

Miongoni mwa barua zilizofika katika kitengo chetu cha istilahi imo moja kutoka Bukene, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Mwandishi wake ni mwalimu wa shule ya sekondari, naye ametunukulia sentensi moja tu kutoka katika kijitabu cha mafunzo kilichofasiriwa kutoka Kiingereza na kugawiwa walimu wa eneo lake. Sentensi yenyewe yasema: "Msongo mkali wa mawazo huongeza uwezo wa ubongo wa kujifunza." Asimulia kwamba katika kikao cha walimu mwenzake mmoja aliisoma kwa sauti, kisha akasema kuwa sasa hata wataalamu wamekubali jambo alilokuwa akilisema siku zote, yaani mtoto asiyetishwa hafundishiki. Mwandishi wetu hakuafikiana naye, lakini hakuwa na la kumjibu, kwa sababu maandishi yalikuwa mezani mbele yao. Ndipo akatuuliza: je, hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika Kiingereza, au liko neno lililopotea njiani?

Tumeitafuta nakala ya Kiingereza na kuisoma. Hakuna neno lililopotea. Mfasiri alikuwa mwaminifu, naye kila neno alilipatia mwenzake. Kosa limo katika neno moja dogo, kivumishi "mkali", na kivumishi hicho ndicho kilichompa yule mwalimu wa pili fimbo yake. Kwa kuwa tumekwisha kuliona kosa hili hili katika maandishi mengine ya afya na ya elimu, tumeonelea tulijibu hapa badala ya kumjibu mwandishi peke yake.

Neno la Kiingereza lililofasiriwa "mkali" ni "acute". Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kuchongoka, kama ncha ya sindano. Katika lugha ya kawaida ya Waingereza neno hilo laweza kabisa kumaanisha ukali: maumivu makali, upungufu mkubwa wa maji, na kadhalika. Lakini katika lugha ya tabibu na ya mwanasayansi neno hilo halipimi ukubwa wa jambo. Lapima muda wake. Ugonjwa unaoitwa hivyo ni ule unaoanza ghafla na kwisha upesi, kwa kupona au kwa kufa, nao umewekwa mkabala na ugonjwa wa kudumu. Mafua ya siku tatu yasiyomzuia mtu kwenda kazini yana sifa hiyo. Kidonda cha miaka kumi hakina, hata kama kinamtoa mtu machozi.

Kivumishi chetu "-kali" hakina habari na muda. Pilipili ni kali, jua ni kali, mbwa ni mkali, na mwalimu pia. Wapagazi wa Kinyamwezi na wenzao kutoka pwani walipokuwa wakipita nchi kavu iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi waliiita Mgunda Mkali, na jina hilo limo katika maandishi ya Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, pamoja na Speke mwezi Novemba mwaka 1857. Safari ya kupita Mgunda Mkali ilichukua siku kadhaa mfululizo. Hakuna aliyeuita mkali kwa sababu ulikwisha upesi. Tena katika hospitali zetu leo "malaria kali" ni ile inayohatarisha maisha, wala si malaria iliyoanza jana. Kwa hiyo nafasi ya "-kali" katika lugha ya tiba imekwisha kujazwa, na anayelitumia kwa maana ya muda anamwongoza msomaji kwenye mlango usio wake.

Hebu sasa tuisome tena sentensi ya Bukene kwa masikio ya msomaji wa Kiswahili. Inamwambia kwamba kadiri mtu anavyobanwa zaidi ndivyo ubongo wake unavyofanya kazi vizuri zaidi. Ile ya Kiingereza ilisema kwamba kubanwa kwa kiasi, na kwa muda mfupi, kwaweza kuusaidia ubongo. Sentensi hizi mbili haziwezi kukaa katika chumba kimoja.

Tukiliacha kivumishi, hatuna budi kulitazama jina lenyewe. Neno "stress" lilikuwa la wahandisi na wanafizikia kabla ya kuwa la matabibu. Kwao lilimaanisha nguvu inayobana ndani ya kitu, kama vile chuma cha daraja wakati gari moshi linapopita juu yake. Mabadiliko ya umbo yanayotokana na nguvu hiyo yalikuwa na jina jingine. Hans Selye, mtaalamu aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi Montreal, alichapisha mwaka 1936 barua fupi katika jarida la Nature akieleza jinsi miili ya panya ilivyoitikia kwa namna moja madhara ya aina nyingi. Baadaye aliuita mwitiko huo kwa neno la wahandisi. Alipokuwa mzee alikiri kwamba, lau Kiingereza chake kingalikuwa kizuri zaidi, angalichagua lile neno la pili, maana alichokieleza kilikuwa badiliko la mwili wala si nguvu iliyouletea badiliko. Wafasiri wanaolalamika kwamba istilahi za sayansi hazina mantiki wana shahidi mzuri hapa.

Kiswahili hakikosi maneno ya kupokea dhana hii. Taabu yetu ni kuwa nayo mengi. "Dhiki" ni neno zee na zuri, ila msomaji wa leo akilisikia hufikiri kwanza kukosa fedha au chakula. "Shinikizo" limezoeleka katika "shinikizo la damu" na katika siasa. "Mkazo" limechukuliwa na wanaisimu kwa ajili ya silabi. "Taharuki" lingefaa sana kwa hali ya ghafla, kwani ndani yake mna mwendo na kushtuka, lakini waalimu wa fasihi wamekwisha kulitia katika uchambuzi wa riwaya, na mwanafunzi akiliona katika somo la viumbe hai atatafuta mhusika na njama. "Sonona" ni ugonjwa, tena mwingine kabisa.

Limebaki "msongo", na sisi twaliunga mkono. Limetokana na kitenzi "songa" chenye maana ya kubana na kukandamiza. Watu huusonga ugali, watu husongwa na kazi, na stendi siku ya mnada huwa na msongamano. Ndani ya neno hilo mna nguvu inayobana na mna kitu kinachobanwa, na hayo ndiyo tunayoyahitaji.

Tatizo letu ni mkia wake, yaani "wa mawazo". Twajua kwamba "msongo wa mawazo" umekwisha enea redioni na katika mazungumzo, na hatukusudii kuwanyang'anya watu neno lao. Mtu aliyefiwa, akadaiwa na kufukuzwa kazi katika mwezi mmoja, ana msongo wa mawazo kweli. Lakini katika maandishi ya sayansi mkia huo unaleta mashaka mawili. Kwanza, majaribio mengi yanayozungumzwa yamefanywa juu ya panya, na panya aliyefungwa asitikisike hana mawazo ya kumsonga. Mwili wake ndio unaobanwa. Pili, msomaji akiona "mawazo" hufikiri mara moja hali ya kudumu, ya mtu kuinamisha kichwa kwa majuma mengi. Mkimbizi wa mbio fupi aliye mstarini akingoja mlio wa bastola hana msongo wa mawazo kwa maana hiyo; hata hivyo, mwili wake uko katika msongo kamili. Kwa hiyo twapendekeza "msongo" lisimame peke yake liwe istilahi ya jumla. Chini yake tuwe na "msongo wa muda mfupi" upande mmoja na "msongo sugu" upande wa pili, kwa kuwa "maradhi sugu" yamekwisha kubalika hospitalini. "Msongo wa mawazo" ubaki kuwa tawi lake moja.

Hapa pengine msomaji atasema kwamba twagombania maneno tu. Ili aone kuwa si hivyo, inafaa tueleze kwa ufupi jambo lenyewe linavyotokea mwilini.

Mtu anapokabiliwa na tishio au mtihani, tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga homoni katika damu. Ya kwanza, adrenalini, hutoka katika muda wa sekunde. Moyo huenda mbio na viganja hutoa jasho. Ya pili, kotisoli, huja polepole, na kwa kawaida hufikia kilele baada ya dakika 20 hadi 30. Kotisoli ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa sababu huingia mpaka ndani ya ubongo. Mwaka 1968 McEwen na wenzake waligundua katika ubongo wa panya kwamba homoni ya jamii hiyo hushikwa kwa wingi na hipokampasi, sehemu inayohusika na kuhifadhi kumbukumbu mpya. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba msongo hauishii moyoni na tumboni. Unafika hadi mahali mtu anapojifunzia.

Unafanya nini huko? Jibu linategemea kiasi na muda. Mapema sana, mwaka 1908, Yerkes na Dodson waliwafundisha panya kuchagua kati ya visanduku viwili kwa kuwapiga umeme kila walipokosea. Somo lilipokuwa gumu, umeme wa kiasi uliwafundisha upesi kuliko umeme dhaifu, na umeme wenye nguvu ukawachelewesha tena. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliripoti kwamba panya waliofungwa kwa saa chache mara moja tu walizaa chembe changa za neva katika hipokampasi karibu maradufu ya kawaida. Walipopimwa baada ya siku mbili kumbukumbu yao ilikuwa ile ile. Walipopimwa baada ya majuma mawili ilikuwa bora. Chembe zile zilihitaji muda wa kukomaa. Jambo hili twaomba lisipitwe, maana lina maana kwamba faida haikuonekana wakati wa kubanwa. Ilionekana baadaye, panya walipokwisha kuachwa watulie.

Upande wa pili, mwaka 1992 wataalamu wa New York walieleza hali ya panya waliofungwa saa 6 kwa siku, kwa siku 21. Matawi ya chembe zao za neva katika hipokampasi yalipungua na kufupika. Mnyama ni yule yule na kifungo ni kile kile. Kilichobadilika ni idadi ya siku. Mfasiri anayeandika "mkali" mahali pa "wa muda mfupi" ameifuta tofauti hiyo hiyo iliyowagharimu wataalamu miaka mingi kuipata.

Waalimu watapenda kujua habari moja zaidi. Wote tumemwona mwanafunzi aliyejua somo vizuri jana, akaingia katika chumba cha mtihani akasahau, kisha akakumbuka kila kitu alipofika nje chini ya mwembe. Watu humwita mvivu au mwongo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1998, panya waliopigwa umeme dakika 30 kabla ya kupimwa walishindwa kupata mahali walipokwisha kupajua. Waliopigwa dakika 2 kabla, au saa 4 kabla, hawakushindwa. Mwaka 2000 ilionekana kwamba watu nao, wakipewa kidonge cha homoni ya jamii hiyo saa moja kabla ya kuulizwa, hukumbuka maneno machache zaidi kati ya yale waliyojifunza siku iliyotangulia. Yaani kubanwa kule kule kunakoweza kusaidia jambo jipya likae kichwani kwaweza kuzuia jambo la zamani lisitoke. Neno "kujifunza" katika sentensi ya Bukene halibebi mambo haya mawili kwa pamoja, na mfasiri mwangalifu atatenga "kuhifadhi" na "kukumbuka" kila mahali panapohitaji.

Sasa turudi kwa yule mwalimu wa pili. Viboko vya kila juma si msongo wa muda mfupi, ijapokuwa kila kiboko huchukua sekunde moja. Mtoto anayekuja shuleni kila siku akijua kwamba huenda atapigwa yumo katika msongo tangu anapotoka nyumbani. Utafiti mmoja uliofanywa kwa wanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba adhabu kali ziliandamana na huzuni na hofu kwa watoto, na hofu hizo nazo ziliandamana na udhaifu wa kumbukumbu ya kazi na wa matokeo ya masomo. Utafiti wa namna hiyo, uliowapima watoto mara moja tu, hauthibitishi kipi kilitangulia. Lakini kwa vyovyote haumpi nguvu mtu wa fimbo. Sheria nayo haikumwachia uwanja wote, kwani kanuni zilizotolewa mwaka 2002 ziliweka ukomo wa viboko 4, tena kwa mkono wa mkuu wa shule au wa mtu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi.

Imebaki istilahi moja ambayo mwandishi wetu aliigusa katika tanbihi ya barua yake. Je, uwezo huu wa ubongo wa kubadilika kwa kujifunza uitweje? Kiingereza huuita "plasticity". Wako waliokwisha kuandika "unyumbufu wa ubongo", na neno hilo linapendeza sikioni. Shaka yetu ni kwamba kitu kinachonyumbuka hupindika au kuvutika, kisha aghalabu hurudi kama kilivyokuwa, kama ufito au ukanda wa mpira. Ubongo uliojifunza haurudi ulivyokuwa. Umeshika umbo jipya. Neno la Kigiriki lililozaa lile la Kiingereza lilihusu mikono ya mfinyanzi, hata kabla ya ndoo na viatu vya plastiki kutuharibia maana yake. Kwa ajili hiyo tumelifikiria neno "ufinyangikaji", kwa mfano wa "uwajibikaji" na "upatikanaji" ambayo hakuna tena anayeyashangaa.

Lina uzito mdomoni, hatukatai. Lina faida moja, nayo ni kwamba mfano wake uko chini ya miguu ya wasomaji wetu. Bukene, kituo cha reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, iko katika nchi ya mbuga zenye udongo mzito unaohifadhi maji ya mpunga. Mtu yeyote wa huko anajua kwamba udongo mkavu hupasuka ukiubana, uliozidi maji hukutoka vidoleni, na ule wenye maji ya kiasi ndio unaoshika umbo. Mwalimu anayetaka kueleza kwa nini msongo wa kiasi husaidia na uliozidi huharibu anao ubao wake pale mbugani.

Hata hivyo mfinyanzi yuko nje ya chungu, na ubongo hauna mfinyanzi wa nje, unajibadili wenyewe. Kwa sababu hiyo katika vijitabu vya watu wote twashauri maelezo ya wazi, "uwezo wa ubongo wa kujibadili", na "ufinyangikaji wa ubongo" libaki katika vitabu vya taaluma hadi wataalamu watakapoliamua. Walio na neno bora watuandikie, hasa wale wanaozisikia lugha za wafinyanzi na wafyatua matofali.

Tukiwa bado katika nchi hiyo ya njia ya misafara, turuhusiwe kutaja neno moja la wapagazi. Walipokuwa na safari ndefu isiyo na maji mbele yao, walikuwa wakipika na kunywa mchana, kisha wakaondoka alasiri na kutembea hadi usiku, wakalala pakavu, na asubuhi wakayafikia maji. Mwendo huo waliuita terekeza. Wasafiri wa karne ya 19 waliliandika "tirikeza". Ulikuwa mwendo mgumu wenye mwanzo unaojulikana na mwisho unaojulikana, nao ulitanguliwa na chakula na kufuatwa na mapumziko. Hatupendekezi neno hilo liwe istilahi ya msongo wa muda mfupi, kwani wasomaji wengi wangefikiri tunasema habari za kumtelekeza mtoto. Lakini mwalimu wa Bukene aweza kulitumia akiwaeleza wenzake tofauti kati ya juma la mtihani na mwaka mzima wa vitisho. Mwaka 2009 watafiti wa New York waliwapima wanafunzi 20 wa udaktari baada ya mwezi mzima wa kujiandaa kwa mtihani mkubwa, wakawakuta wamepungukiwa na uwezo wa kuhamisha usikivu kutoka jambo moja hadi jingine. Baada ya mwezi mmoja wa mapumziko upungufu ule haukuonekana tena. Walikuwa wameyafikia maji.

Basi, ndugu mwalimu, sentensi yako tungeifasiri hivi: "Msongo wa kiasi na wa muda mfupi waweza kuusaidia ubongo kuhifadhi mambo mapya, iwapo mtu atapata mapumziko baada yake, msongo sugu huupunguzia ubongo uwezo huo." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na ya Kiingereza pia ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza. Ofisi iliyotoa kijitabu tumekwisha kuiandikia. Kwa kuwa nakala zilizogawiwa hazitarudi zote, tunawaomba walio nazo wakate kwa kalamu maneno "mkali wa mawazo" na kuandika pembeni "wa kiasi na wa muda mfupi". Nafasi iliyo ukingoni mwa ukurasa inatosha.